Baba Alitaka Kuliona Gari Lake Likipita

Baba yangu aliendesha gari moja kwa zaidi ya miaka arobaini na hakuwahi hata siku moja kuliona likipita. Sababu ni rahisi: hakumruhusu mtu mwingine kuliendesha. Mama hakuruhusiwa mpaka anakufa, kaka zangu hawakuruhusiwa, na padri aliyetubatiza sote aliomba mara moja akapewa chai badala ya ufunguo. Mtu aliye ndani ya gari haoni gari, anaona barabara. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo mpaka mchana ule tuliporudi kutoka kwa daktari wa macho. Baba aliketi kwenye kiti chake cha kamba, barazani kwetu Igogo, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari dukani:

"Mayu, kabla hayajazima kabisa, nataka nisimame barabarani nilione gari langu likipita."

Ananiita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, tangu nilipokuwa sijui hata kutembea. Nilimwambia sawa.

Daktari alikuwa ametuambia ni presha ya macho. La kushoto lilikuwa limekwisha kufa bila sisi kujua. La kulia lilibaki na uwazi mdogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Matone angepewa, lakini kilichopotea hakirudi, na kilichobaki hakina muda. Nilimuuliza muda gani, kwa ukali, kama vile yeye ndiye aliyeyaiba macho ya baba yangu. Akaniambia, "Mwalimu, mimi si Mungu. Kama kuna kitu mzee anatamani kukiona, mwonyesheni mapema." Basi baba alilisikia neno hilo, na wakati mimi nafikiria wajukuu, nafikiria ziwa, nafikiria kaburi la mama, yeye alikuwa ameshachagua.

Gari lenyewe ni la Kifaransa, jeupe, lina simba kwenye pua na namba yake ni nne-sifuri-nne. Baba alisoma mpaka darasa la nne tu, lakini historia ya gari lile alikuwa nayo kichwani kama wengine walivyo na majina ya mababu. Alitusimulia tukiwa wadogo, tukipenda tusipende. Ukoo ulioanzisha kiwanda kile haukuanza na magari, alisema. Ulianza na misumeno, na vinu vya kusagia kahawa, na mbavu za miavuli, halafu baiskeli. "Mtu anayejua kutengeneza kinu cha kahawa hawezi kushindwa na gia," alikuwa akisema. Mchoro wa umbo lake ulitoka Italia, na mchoraji huyo alikuwa mjanja, kwani aliwachorea pia Waingereza gari lililofanana nalo kama pacha, na Waitaliano wenzake vilevile. Baba alimcheka: "Fundi cherehani kashona suti moja, kawavalisha watu watatu. Lakini mwili uliokaa vizuri kwenye suti ni huu wetu."

Sifuri ile ya katikati aliilinda kama mpaka wa shamba. Alitueleza jinsi Wajerumani fulani walivyotaka kuliita gari lao kwa namba yenye sifuri katikati, Wafaransa wakawaambia hapana, namba hizo ni zetu, na Wajerumani wakabadilisha. Alitufungulia boneti kutuonyesha kwamba injini haikusimama wima, imelazwa ubavu nusu, ili boneti iwe chini na dereva aione barabara vizuri. Alitupeleka nyuma kutuonyesha yale mapezi mawili yaliyoinuka juu ya taa, membamba, kama ya sato aliyekasirika. Na alipotaka kumaliza ubishi wowote, alikumbusha kwamba magari ya namba hiyo yalishinda mashindano ya magari ya Afrika Mashariki zaidi ya mara moja, kwenye matope ambayo leo watu hawawezi kuyapita kwa miguu.

Alilipata kwa meneja wa kinu cha kuchambulia pamba ambako alikuwa dereva. Meneja alipoondoka nchini alimwachia. Watu wa kinu walisema baba atalichosha kwa mwaka mmoja. Wengi wao sasa wamelala makaburini, na gari lilikuwa bado linawaka kwa mguso wa kwanza.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana hadithi hii ni ya kosa langu na siwezi kuizunguka.

Kila mwaka pamba ikishauzwa, shangazi, dada yake baba anayeishi kijijini mbele ya Usagara, alituletea chupa ya mafuta ya nyonyo. Alikaanga mbegu, akazitwanga, akazichemsha, akaengua mafuta yaliyopanda juu, mazito, ya rangi ya asali. Baba alilala chini ya gari, akafungua difu, ile tufe ya chuma katikati ya magurudumu ya nyuma inayopeleka nguvu ya injini kwenye matairi, akamwaga mafuta ya zamani na kutia yale ya dada yake. Nusu lita nyingine aliiweka kabatini kama akiba. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Nililiona jambo hilo tangu utoto na nikaliona aibu tangu nilipopata cheti. Mafuta ya kupaka nywele kwenye gari! Nilijiambia ni ushamba na ubahili, nikamhurumia, na sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Baba alipokubali kunifundisha kuliendesha, ili siku moja nipite mbele yake, nilifurahi kupita kiasi. Nilitaka kila kitu kiwe sawa. Nilikwenda dukani nikanunua oili ya gia bora kuliko zote, ya chupa inayong'aa. Nikasoma lebo yote, mbele na nyuma, maana ugonjwa wa walimu ni kuamini kilichoandikwa. Fundi wa jirani akamwaga mafuta ya nyonyo na kutia oili yangu. Ile akiba ya kabatini nilipaka kichwani, nyingine nikampa mwalimu mwenzangu ambaye nywele zake zilikuwa zinakatika.

Jioni ile baba aliniuliza, "Umeweka mafuta ya shangazi yako?"

"Nimeweka, baba."

Nilidanganya mara moja, bila hata kumeza mate. Niliona ni uongo wa huruma, kama ule wa kumwambia mgonjwa amenenepa.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Kila siku baada ya shule tulitoka. Baba aliketi kiti cha abiria, mahali ambapo hakuwahi kukaa, akanifundisha kwa masikio. Gia iko kwenye shingo ya usukani na inataka mkono wa adabu; ukiivuta kwa hasira inakunyima. "Usilisukume, liombe," alisema. Tulipanda Mkuyuni, tukapita kwenye mawe makubwa, ziwa likajitokeza na kujificha upande wa kulia. Wakati mwingine aliniambia nisimame, akageuza kichwa kidogo kidogo mpaka lile tundu lake la ufunguo likakutana na maji. Kisha akasema twende. Nilimpenda sana siku hizo. Nilimwonea wivu pia, kwa jinsi alivyokuwa na kitu kimoja tu cha kutamani.

Mwezi wa tatu akasema, "Linalia nyuma."

"Ni matairi, baba."

"Siyo matairi."

"Basi ni barabara. Wameikwangua."

Akateremsha kioo, akatoa sikio nje. Mimi pia nilikuwa nimeusikia: mlio mwembamba kama wa mbu, uliokua wiki hadi wiki. Ningeweza kusimama siku hiyo. Ningeweza kusema ukweli, tukafungua difu, tukakuta meno bado yana uhai. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha kwa sababu moja tu, kwamba nilishasema nimeweka. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili nikimwogopa baba yangu kama mtoto aliyevunja sahani.

Tulipanga Jumamosi. Mahali alichagua yeye, Usagara, karibu na pale barabara ya Shinyanga inapokutana na ile inayokwenda darajani, kwa sababu barabara pale imenyooka na gari unaliona tangu likiwa nukta. Shangazi angetoka kijijini aje kumshika mkono. Mimi ningemshusha, niende mbele, nigeuze, nipite. Baba alioga mapema, akavaa suti ya kaki aliyokuwa akivaa kazini na kofia. Macho yake asubuhi ile bado yalikuwepo. Alinionyesha mwewe juu ya mwamba wa Mkolani, na mwewe kweli alikuwepo.

Kwenye mwinuko wa Buhongwa mlio wa mbu uligeuka kuwa wa mawe kwenye kinu. Nikakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, gari halikwenda. Nikabadilisha gia, nikaomba, nikasaga meno. Hatimaye kitu kikapasuka nyuma yetu na tukaanza kurudi kinyumenyume taratibu mpaka nikavuta breki ya mkono. Njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu iliishia Buhongwa.

Baba alishuka. Alipapasa ubavu wa gari mpaka nyuma, akapiga magoti na suti yake ile, akaingiza mkono chini, akautoa na kuunusa. Malori yalikuwa yanapita. Watu wa pikipiki walisimama kutazama. Akaunusa tena.

"Hii siyo nyonyo," akasema. "Umeweka nini, mayu?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, hadi nywele. Nilitaka anipige. Alikaa juu ya jiwe akafuta kiganja kwenye nyasi, akanieleza kwa utulivu, kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni, kile ambacho angenieleza mwaka wowote kama ningeuliza. Ndani ya difu ya gari lile hakuna gia za kawaida. Kuna chuma kilichokatwa kama parafujo, na parafujo hiyo inazungusha gurudumu la shaba. Chuma kwa chuma kinapiga kelele. Chuma kwa shaba kinanong'ona, ndiyo maana Wafaransa walilitengeneza hivyo. Lakini shaba haitaki oili za siku hizi. Zina dawa ndani, nzuri kwa chuma, na dawa hiyo inakula shaba. Kitabu cha gari kilisema mafuta ya mimea. Makopo yake yalipotoweka madukani, miaka ile ya foleni za sabuni, baba alikaa akafikiri ni mmea gani, akaenda kwa dada yake.

"Si kosa lako," alimalizia. "Sikukwambia."

Ningependa zaidi anitukane.

Gari lilivutwa mpaka Mirongo, kwenye gereji ya fundi mmoja mnene, wa maneno machache, anayejua magari ya zamani. Alifungua difu mbele yangu. Oili yangu bora ilitoka imechanganyika na unga wa manjano, mwingi, uking'aa kwenye karai. Lile gurudumu la shaba lilikuwa limebaki na meno makali kama wembe upande mmoja, na upande mwingine hayapo kabisa. Fundi aliligeuza mkononi akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hii hakuna dukani. Hapa hakuna, Dar hakuna. Nakufungia difu ya Kijapani. Nikikata na kuchomelea, Jumanne linatembea."

Nilimpigia baba simu palepale. Akasema, "Chochote kitakachofanya lipite, mwambie afunge."

Hapo mambo yalikuwa yamekwisha. Jumanne! Ningekubali, baba angesimama Usagara Jumatano, na leo nisingekuwa naandika haya. Lakini sikukubali. Niliona ile difu ya Kijapani kama kiraka juu ya jambo langu, kila mtu atakayeinama ataona nilichofanya. Nilitaka kumrudishia baba kitu kilekile nilichokila. Nikamwambia fundi asubiri, nitatafuta gurudumu la shaba.

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu. "Mwalimu," akasema, "mzee anataka gari lipite, au wewe unataka usamehewe?"

Nilimkasirikia. Nilimwambia ashughulike na spana zake. Ni mimi niliyekuwa kipofu siku ile, na hakuna daktari aliyeniambia.

Nilitafuta kila mahali. Niliuliza kwa wauza vyuma chakavu, kwa madereva wastaafu, kwa wazee wa kinu cha pamba waliobaki. Siku ya sita mwalimu mwenzangu, Mhaya, akaniambia kijijini kwao Muleba kuna pikapu ya namba hiyohiyo, imekaa migombani tangu yeye akiwa mdogo. Nilipanda basi la alfajiri Nyegezi pamoja na fundi, tukapita Usagara, tukavuka daraja jipya, na nilipoyaona maji chini yetu nilihesabu siku kwa vidole. Baba nilimwacha na shangazi, aliyekuja kukaa naye. Aliniaga mlangoni akinitazama usoni, akisogeza kichwa ili anipate. Sikujua kwamba ndiyo mara ya mwisho kunitazama.

Mwenye pikapu alikuwa mjane, mama mzee, mnyoofu, mwenye nyumba safi kama sakristia. Alitupokea kwa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Nilimwamkia nikamweleza, naye akatupeleka migombani. Pikapu ilikuwa imezama kwenye majani makavu hadi madirishani, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva, lakini simba bado alikuwa puani. Mume wake alikuwa mwalimu na mkulima wa kahawa, alisema. Mafuta ya difu yalipoadimika, alikataa kuweka mengine. Aliliegesha.

"Alisema bora likae kuliko liliwe," mama yule alisema. "Watu walimcheka. Gari zima, amelifunga kama ng'ombe mgonjwa. Miaka yote ile alikuwa akitoka jioni analifuta vumbi."

Nilisikia aibu, nikainama nikamfuta simba vumbi.

Hakutaka kutoa difu mara moja. Alisema gari bila difu litakaa juu ya mawe, na marehemu hakuliacha juu ya mawe. Ilibidi aulize shemeji zake, na shemeji mmoja alikuwa Bukoba, akaja kesho yake jioni, wakakaa, wakazungumza Kihaya kwa sauti za chini wakati mimi nimekaa nje na mikono mapajani. Asubuhi ya siku ya tatu mama alinifuata.

"Huyo baba yako, bado anaona?"

"Kidogo, mama."

"Kidogo kinakwisha, mwanangu. Chukueni. Mngeniambia la macho tangu mlipofika, ningewapa siku hiyohiyo."

Sikuwa nimemwambia la macho; fundi ndiye aliyemdokeza usiku ule. Nilimweleza habari za gia, za shaba, za kosa la oili. Habari za baba nilizifupisha.

Boliti zilikuwa zimeshikana kwa kutu na zilichukua siku nyingine nzima. Tulirudi Mwanza na difu kwenye gunia, ndani ya buti ya basi, na fundi alipolifungua gurudumu lile kwenye gereji, meno yake yalikuwa mazima, ya rangi ya asubuhi. Nilililia gurudumu la shaba kama mtu anayempokea mgonjwa aliyepona. Kisha ikawa mpira wa kuzuia mafuta hautoshi, ukakatwa mwingine kwa mkono, ukavuja, ukakatwa mwingine. Siku tatu zaidi. Nilikuwa napita nyumbani kulala tu.

Shangazi hakuniambia kitu. Lakini niliona chai imemwagika mezani upande wa kiti cha baba. Niliona ameanza kushika ukuta. Nilimuuliza, "Baba, macho vipi?" Akajibu, "Yapo. Maliza kazi yako." Aliujibu mlango, mimi nikiwa nimesimama dirishani. Niliona, na niliamua sikuona. Nilijiambia ni uchovu, ni giza la chumba, ni hili, ni lile. Nilikuwa nimeshazoea kujidanganya na ilikuwa haichukui nguvu tena.

Wiki tatu kasoro siku moja tangu Buhongwa, gari liliondoka Mirongo likinong'ona. Ndani ya difu mlikuwa na mafuta ya chupa mpya ya shangazi. Lilipanda mwinuko ule ule bila kulalamika, shangazi kakaa nyuma, baba kando yangu na suti yake ya kaki iliyofuliwa. Aliegemeza sikio kwenye kioo. "Ndiyo hilo," alisema mara moja. "Sasa ndiyo lenyewe."

Usagara niliwashusha ng'ambo ya maduka, mahali barabara iliponyooka. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua safi, hakuna vumbi kwa sababu mvua ilinyesha usiku. Huwezi kupata asubuhi nzuri zaidi ya kuonyesha gari jeupe. Shangazi alimshika mkono, akamgeuza kidogo ili aelekee upande nitakaotokea. Nilimwona akimgeuza. Nikaenda mbele kama kilomita mbili, nikageuza.

Nilimwona tangu akiwa nukta. Amesimama wima, kavua kofia, uso kauelekeza barabarani. Nilipita kwa mwendo ule aliokuwa akiupenda, gia ya nne, si haraka, si polepole. Nikiwa sawa naye nilimtazama. Uso wake ulikuwa bado unanisubiri kule nilikotoka. Mkono wake uliinuka nikiwa nimeshampita.

Niligeuza, nikarudi, nikasimama mbele yao, nikateremsha kioo.

"Umeliona, baba?"

Shangazi aliangalia chini. Baba aligeuza uso kuelekea sauti yangu.

"Nimelisikia," akasema. "Linakwenda vizuri sana."

"Tangu lini, baba?"

"Ulipokuwa Uhayani." Akaipapasa hewa mpaka akaipata boneti, akaacha kiganja juu yake. "Nilimwambia shangazi yako asikwambie, ungeacha kazi njiani. Hebu pita tena, mayu. Pita upande huu wa jua, taratibu. Labda nikipata hata weupe wake."

Nikapita tena, taratibu, upande wa jua. Nilirudi na kupita na taa zimewaka mchana kweupe. Alikuwa amefungua macho kwa nguvu zote, mpaka machozi yanamtoka, akiyasukuma mbele kama mtu anayesukuma mlango. Watu wa maduka walikuwa wametoka kutazama, na wote, kila mmoja wao, hata wale ambao hawakujali, walikuwa wanaliona.

Mara ya nne nilipomkaribia alikuwa amefumba macho. Shangazi alikuwa bado amemshika mkono. Nilipita, sikusimama, nilikwenda mpaka barabara ilipopinda, nikaegesha kwenye nyasi na kupiga kelele ndani ya gari lile hadi koo likakauka. Siku kumi na saba kati ya Jumanne ya fundi na asubuhi ile zilikuwa zangu, nilizichukua mimi, na hakuna mjane wala kijiji ambako ningeweza kwenda kuzitafuta.

Kisha niligeuza, kwa sababu alikuwa bado amesimama pale, na alikuwa ameniomba nipite.